Bhajani Kabla ya Taa Nyekundu

Ilianza pumzi ndefu, kisha mkwaruzo, kimya kidogo, halafu pumzi tena. Betri aliisikia akiwa bado kitandani, akatabasamu macho yamefumba. Harmoniamu hiyo. Baba ameshaamka, amekaa sebuleni na kile kisanduku chake cha mbao, mkono wa kushoto unasukuma mvukuto, wa kulia unatafuta noti ya kuanzia. Kisanduku kilikuwa na tundu mahali fulani ambapo hakuna fundi aliyewahi kupaona, kwa hiyo kabla ya kila noti kilihema kwanza. Mjomba alisema kina pumu.

Betri aliingoja noti. Haikuja. Pumzi, mkwaruzo, kimya.

Akatoka chumbani akiwa amevaa fulana tu. Harmoniamu ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa chake kama ilivyolazwa jana. Baba yake alikuwa amesinzia kitini, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi, na ile sauti ilikuwa inatoka kooni mwake.

Kijana alisimama pale mlangoni asijue mikono yake aiweke wapi.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu asubuhi baba angeingia chumba cha upasuaji. Daktari aliwaeleza bila kuzungukazunguka: uvimbe umeota palepale sauti inapotengenezwa, umeshika mizizi, na hauwezi kutolewa peke yake. Kitatolewa kisanduku chote cha sauti, na mzee atapumua kwa tundu la shingoni. Mama alilia. Betri alibishana na daktari hadi muuguzi akaja kuchungulia. Mgonjwa mwenyewe aliuliza swali moja tu.

"Mluzi je? Nitaweza kupiga mluzi?"

"Hata mluzi, mzee."

"Basi majirani watafurahi," alisema, akachukua kofia yake.

Alikuwa fundi saa. Kutwa nzima alikaa kwenye kibanda chenye upana wa mlango na nusu, lenzi jichoni, amezungukwa na saa za ukutani ambazo kila moja ilikuwa na maoni yake. Lakini Alhamisi jioni alifunga mapema, akaoga, akavaa nyeupe, akaenda ukumbi ulio ubavuni mwa hekalu kuongoza bhajani, zile nyimbo za kumsifu Mungu ambazo huanza taratibu kama mtu anayetafuta viatu vyake gizani na kuishia ukumbi mzima umeinuka kwa makofi. Yeye aliimba na kupiga harmoniamu. Mjomba, kaka yake Mama, alipiga tabla, zile ngoma mbili ndogo za vidole. Wazee waligonga matoazi madogo. Bhajani ikianza, hakuna aliyesema, hakuna aliyenyanyuka, hakuna aliyepita. Simu zilibaki nje pamoja na viatu. Hiyo ilikuwa amri ya fundi saa mwenyewe, na kwa sababu ya amri hiyo hakuna mtu duniani aliyekuwa na sauti yake kwenye simu, kanda wala kompyuta.

Betri alikuwa mwanawe wa pekee. Jina hilo alipewa na Mjomba: "Huyu ukimgusa ncha zote mbili kwa pamoja, anawaka." Alikuwa na kibodi, mashine ya ngoma, na kichwa kilichojaa mashairi ambayo hakuna shule iliyomfundisha. Kwa miaka aliwaambia wazee wa ukumbini kwamba vijana wanakimbia kwa sababu nyimbo zimeachwa zizeeke peke yao. Tia besi, alisema. Tia ngoma za leo. Tia maneno ambayo mtoto wa leo anayaelewa bila kumwuliza bibi yake. Wazee walimsikiliza kwa adabu, wakaendelea kugonga matoazi.

Siku mbili baada ya ile ya daktari, baba yake alimwita kibandani. Hakutoa hata lenzi jichoni.

"Ile bhajani ya jioni," alisema. "Aliyoimba bibi yako akiwasha taa. Nitaiimba mara moja, urekodi. Iwe ya kuuachia ukumbi."

Betri aliinamia kaunta. "Na muziki wangu?"

"Ivalishe nguo unazotaka. Sauti tu iwe yangu."

"Nitaivalisha hariri, Baba."

"Ivalishe. Ila isinibane kwapani."

Usiku uleule Betri alitunga beti za kuweka katikati, mahali ambapo vijana wangeimba kwa Kiswahili. Alizikata na kuzishona, akimwita Mungu wa hekalu lao, mpiga filimbi, mpaka zikakaa:

*Mwenye filimbi, pita kwangu,*
*mlango sikuufunga;*
*taa ni ndogo, ndiyo yangu,*
*na utambi ninachunga.*

Alijua ni nzuri. Hakuwa mtu wa kujidai hajui.

*

Studio waliyokwenda Jumamosi hiyo ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la kutoa fotokopi. Kuta zilibandikwa trei za mayai, dirisha lilizibwa kwa godoro kuukuu, na maikrofoni ilivalishwa soksi nyeusi. Juu ya mlango palikuwa na balbu nyekundu. Ikiwaka, watu wa dukani walijua kurekodi kumeanza, wasibamize mashine. Mwenye studio aliitwa Waya, mwembamba, muda wote nyaya zimemning'inia shingoni kama mganga wa umeme.

"Karibu, mzee. Feni nitaizima tukianza, inaingia kwenye maiki. Tutapikika kidogo."

"Nimeshapikwa sana," alisema fundi saa. "Sasa mimi ni wa kupashwa moto tu."

Alivua viatu mlangoni, akatumbukiza simu yake ndani ya kiatu cha kulia. Mjomba akafanya vilevile bila kufikiri, na Betri, aliyekuwa akibeba kibodi, akajikuta na yeye amefanya hivyo. Mzee alikaa juu ya mkeka, akafungua harmoniamu. Mjomba akazikunjulia tabla vitambaa, akazigongagonga kwa nyundo ndogo mpaka zikakubaliana.

Waya alipiga magoti, akasogeza maikrofoni karibu na mdomo wa mzee, akarudi kwenye kompyuta. "Sema chochote, mzee. Napima."

Mzee hakusema chochote. Alisukuma mvukuto. Chombo kikahema. Akafumba macho, akaanza.

Ukumbini hakuna anayesema "haya, sasa." Bhajani inaanza mvukuto unapofunguka. Alianza kwa sauti ya chini, bila maneno, akipanda na kushuka kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta swichi ya taa, na alipoipata noti yake akaegemea hapo, akakaa. Mkwaruzo ulikuwepo. Ugonjwa ulikuwa umemtoboa koo kama chombo chake kilivyotoboka, lakini yeye alijua kuishi na vyombo vilivyotoboka. Alipofika mahali penye tundu alipitia pembeni, akachelewa, akamwacha Mjomba anamngoja, kisha akaingia na neno la kwanza kwa ulaini ambao Betri hakuwahi kuusikia, hata Alhamisi njema kuliko zote.

Betri aliinua macho. Balbu haikuwaka.

Alimtazama Waya. Waya alikuwa ameinamia vitufe vyake, anapunguza hiki, anaongeza kile, anafuatilia mistari ya kijani inayorukaruka kwenye kioo. Alikuwa anapima. Angengoja aambiwe "twende", kama anavyoambiwa na kila mtu anayeingia chumba kile.

Ilikuwa kazi ya kunyanyua mkono tu, Waya aanze kurekodi. Lakini Betri alikuwa amekua kwenye mkeka wa ukumbi ule, na tangu akiwa wa kubebwa mgongoni alifundishwa kwamba bhajani ikishaanza mikono inakaa mapajani. Mikono ikakaa mapajani. Acha apashe koo, alijisemea. Kama kupasha ni hivi, yenyewe itakuwaje?

Binti wa fotokopi alikuja akasimama mlangoni, karatasi mkononi, akasahau alichokuja kuuliza. Mjomba alikuwa anapiga tabla huku machozi yanamtiririka bila yeye kuyajali, kama jasho. Mzee aliupitia wimbo wote, hakuruka hata mstari. Mwishoni hakumaliza, aliuacha ukapungua wenyewe, mpaka ikabaki pumzi ya chombo na pumzi yake, kisha hakuna.

Feni ilikuwa bado inazunguka.

"Safi sana, mzee," alisema Waya. "Sauti imekaa. Sasa uvae hizi."

Akampa hedifoni. Mzee alizigeuza, akazivaa juu ya kofia. Feni ikazimwa. Betri akasema, "Twende," na balbu ikawaka, nyekundu kama jicho la mtu aliyekosa usingizi.

*

Ndani ya hedifoni kulikuwa na kliki ya kuhesabia mapigo. Tik, tik, tik, tik. Muziki wote wa Betri, besi, ngoma, kibodi, ulikuwa umeshapangwa juu ya kliki hiyo, na mzee alitakiwa kuimba ndani ya mistari yake ili vikutane.

Mzee alisikiliza kidogo. "Hii inakimbia," alisema. "Ilete kibandani niitazame."

Wakacheka wote. Akaanza. Mstari wa kwanza aliingia vizuri. Wa pili akakawia juu ya noti moja kama kawaida yake, na alipoiachia kliki ilikuwa imeshafika mbali.

"Simama," alisema Betri. "Umetoka nje kidogo, Baba. Tuanze upya."

Wakaanza upya. Akatoka tena. Safari hii aliwahi, kwa woga wa kuchelewa.

"Fundi saa kashindwa na saa!" Mjomba alipiga kelele, akajipiga paja. "Shemeji, ningejua saa yangu ningeipeleka kwa fundi mwingine."

"Saa yako nimeshaitengeneza. Ni mwenye saa ndiye hatengenezeki."

Mara kadhaa kulikuwa na kicheko hivyo. Kisha kukawa na joto tu. Trei za mayai zilianza kunuka. Mzee alivua kofia ili hedifoni zikae sawa, akafuta utosi kwa kiganja. Alijitahidi. Hilo ndilo Betri alikuja kulikumbuka kuliko jingine: mzee hakukataa, hakununa, alikuwa anahesabu kwa midomo kama mtoto wa chekechea, tik, tik, akimtazama mwanawe kupata ishara ya kuingia. Na kila alipokosea alisema, "Samahani, bwana Waya," akanywa maji ya moto, akafungua mvukuto.

Kila safari sauti ilipungua kidogo. Mwanzoni ilikwaruza juu tu, kwenye noti za kupanda. Baadaye ikakwaruza katikati.

"Dakika tano apumzike," alisema Mjomba, bila utani.

"Tukimpumzisha itakufa kabisa," alijibu Betri. "Tumekaribia. Baba, ni kuhesabu tu! Unakaa na saa kutwa nzima!"

Betri alikuwa hajawahi kumpigia baba yake kelele mbele ya watu.

Mzee alivua hedifoni upande mmoja. "Ndiyo maana, mwanangu," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa unga. "Kutwa nakaa nazo. Kwenye zile bhajani ndipo natoka nje kidogo."

Betri alisimama. Hakujua amkasirikie nani: kliki, Waya, uvimbe, au yeye mwenyewe na hariri yake. Alienda akachomoa waya wa hedifoni.

"Zima kliki. Zima kila kitu. Baba, imba unavyotaka. Ngoma zangu zitajipanga zenyewe."

"Hazitajipanga," alisema Waya polepole.

"Basi nitazitupa! Washa taa."

Taa ikawaka. Mzee alikaa vizuri, akafumba macho. Mvukuto ukafunguka. Pumzi. Mkwaruzo. Midomo yake ilikuwa inatembea, shingo imetoka mishipa, na Betri aliinama mbele akisikiliza, akijaribu kutenganisha ipi ni pumzi ya chombo na ipi ni ya baba. Alishindwa. Zilikuwa moja.

Mzee alifunga harmoniamu taratibu. Akapiga kifuniko kwa vidole viwili, kama anavyowapigia wateja kaunta saa ikishapona. Kisha akaonyesha koo lake na kutikisa kichwa, akitabasamu, kama mtu anayeomba radhi kwa kuishiwa chenji.

*

Jumapili Betri alikuwa studio kabla Waya hajafungua.

"Ile ya mwanzo," alisema. "Ulipokuwa unapima. Hukuirekodi hata kwa bahati mbaya?"

"Kupima ni kupima, kaka. Nilikuwa nakungoja useme twende."

"Ulikuwa na masikio! Hukusikia?"

"Nilisikia." Waya alizivua nyaya shingoni, akaziweka mezani. "Nilisikia, nikajisemea, huyu akianza kweli tutakufa. Nikangoja aanze kweli."

Betri aliinua ngumi, akaitazama, akaishusha. Hata yeye alijisemea maneno yaleyale.

Akaenda dukani kwa binti wa fotokopi. Jana alimwona mlangoni. Watoto wa siku hizi hawasikii kitu kizuri bila kukielekezea simu.

"Simu nilikuwa nayo," alisema binti yule. "Nilitaka kurekodi, wallahi. Nikaona itanisumbua kusikiliza, nikaiweka juu ya mashine." Kisha, kwa haraka, "Mzee anaendeleaje? Atakuja tena?"

Betri alimshukuru. Hakujua anamshukuru kwa nini.

Alimpigia Mjomba. "Simu yangu ilikuwa kwenye kiatu, mjomba wangu," alisema Mjomba. "Kama yako." Kisha akasema atapita jioni, na kwamba Betri ale kitu.

Waya hakuwa mtu mbaya. Alikaa siku nzima na vile vipande vya jana, vile vilivyoingia kwenye kliki kabla sauti haijakatika: mstari hapa, nusu mstari pale. Palipokwaruza alipalainisha. Noti iliyoteleza kati ya noti mbili aliivuta mpaka ikakaa juu ya moja. Palipokosekana neno alilikopa ubeti mwingine. Kompyuta ilimtii. Alasiri kukawa na wimbo, kutoka mwanzo hadi mwisho, besi imejaa, ngoma za Betri zinatembea chini yake kama gari jipya, na vijana wawili wa mtaani wameimba ule ubeti wa katikati. Mtu yeyote angeucheza. Ungevuma.

Betri aliupeleka nyumbani kwenye kispika kidogo. Mama alikuwa chumbani akipanga begi la hospitali: kanga mbili, taulo, kikombe chenye mfuniko, kofia ya kulalia. Baba alikuwa amelala. Amekatazwa kusema tangu jana. Betri akafunga mlango, akauweka kwa sauti ya chini.

Mama alisikiliza akiwa ameshika taulo. Wimbo ulifika nusu.

"Zima," alisema.

"Mama, ngoja usikie mwisho wake."

"Baba Betri hajawahi kufika kwa wakati hata siku moja. Siku ya ndoa yetu yenyewe alichelewa, alikuwa anatengeneza saa ya mpiga picha." Alikunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena. "Huyu anawahi kila mahali. Simjui."

Betri alizima. Akabaki anamsaidia mama kufunga zipu ya begi, ambayo ilikuwa inafungika yenyewe.

*

Asubuhi ya Jumatatu korido ya hospitali ilinuka dawa ya kuoshea sakafu. Mzee alilazwa kwenye kitanda cha magurudumu, kofia ya plastiki kichwani, shuka hadi kifuani. Juu ya mlango wa chumba cha upasuaji palikuwa na balbu nyekundu, bado imezimwa. Betri aliiona, akageuza uso.

Mjomba alijaribu kutania. "Shemeji, hiyo kofia imekupendeza kuliko ile yako. Waombe ubaki nayo."

Mzee alimkonyeza. Mama alimshika mguu juu ya shuka, akaushikilia tu, macho kwenye sakafu. Muuguzi alisema bado kidogo, wanaandaa.

Na kila alipovuta pumzi, ile sauti: hewa ndefu, mkwaruzo, kimya. Betri alijikuta anaingoja noti. Alijua haiji, na bado kila safari aliingoja.

Mzee alimwita kwa kidole. Betri akainama.

"Usiseme, Baba. Daktari amekataza."

Mzee alifanya ishara ya kupuuza, kama kumfukuza nzi. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kumkataza mtu kusema. Akameza mate kwa shida. Kilichotoka hakikuwa sauti, ilikuwa hewa iliyokatwa vipande vya maneno, na Betri alilazimika kuweka sikio karibu kabisa na midomo.

"Jana sikukuuliza. Imetoka?"

Betri alisikia mapigo yake mwenyewe, sawasawa, kama kliki.

"Imetoka, Baba."

"Zile za baadaye mbaya." Akapumua. "Nilikuwa nahesabu. Nimekuharibia."

"Hujaniharibia kitu."

"Lakini ile ya kwanza." Macho ya mzee yaling'aa ghafla, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya daktari alionekana kama mtu aliyejipatia kitu. "Kabla hamjanivika yale masikio. Uliisikia?"

"Niliisikia."

"Hata mimi niliisikia." Pumzi. Mkwaruzo. "Maisha yangu yote sijawahi kuiimba hivyo. Nilimsikia mama yangu. Nikasema, basi, sasa wachukue koo lao. Ipo."

Mama aliinua uso. Mjomba aligeukia ukuta, akaanza kusoma tangazo la kunawa mikono.

"Iweke hiyo," alinong'ona mzee. "Nguo zako zivalishe nyingine. Hiyo iache uchi. Nikitoka humo, kabla ya kitu chochote, nataka kuisikia. Sitaweza kuimba, lakini masikio hawajayataja."

Muuguzi alikuja akaondoa breki ya magurudumu kwa mguu. Mwingine akafungua mlango. Ndani palikuwa na mwanga mweupe na mtu aliyevaa kijani ananawa mikono.

Betri alikuwa ameshika ukingo wa kitanda. Hapo ndipo mtu angeweza kusema kweli. Palikuwa na nafasi ya maneno mawili, hakuna zaidi. Aliutazama uso wa baba yake, ule utulivu wa mtu aliyeacha kitu nyuma akakiona kimekaa salama, mtu anayeingia mle ndani kwa sababu ya kitu hicho. Kitanda kilianza kusogea. Betri alitembea nacho, hatua kwa hatua, mpaka kwenye mstari wa njano sakafuni ambapo jamaa hawaruhusiwi kupita.

Mzee alikuwa bado anamtazama, nyusi zimeinuka, anangoja jibu.

"Nitaiweka, Baba," alisema Betri, kwa sauti ya kutosha korido nzima kusikia. "Ile ya kwanza. Yote, tangu mvukuto unapofunguka. Ukiamka tu, utaisikia."